RAM Isiyochelewa

Kaka alisema mashine inachelewa. Alisema asubuhi, mchana akarudia, na wakati tunakula akaweka kijiko chini akasema tena, "Kiroboto, ile mashine inachelewa," kama vile mimi ndiye niliyeizaa.

Kiroboto ni mimi. Jina alinipa yeye kwa sababu sijui kutulia. Tangu nimalize shule nimeshauza viatu, nimeshapaka rangi nyumba za watu, nimeshalinda geti la mtu mmoja hadi mwenye nyumba akaniamsha yeye mwenyewe. Kipindi hicho kazi yangu ilikuwa kaka. Nilimbebea waya, nikamfungulia kompyuta, nikamfungia, na akikasirika nilikuwa karibu wa kukasirikiwa.

Kaka ni mpiga kinanda. Ila kinanda chake hakina sauti hata moja ndani yake, ni vibonye tu. Kuna waya unatoka pale unaingia kwenye kompyuta, na sauti zote ziko huko. Ni piano nzima ambayo watu walikaa wakairekodi kibonye kwa kibonye, kikiguswa polepole, kikiguswa kwa hasira, kila namna. Zote hizo lazima zipande kwenye RAM kwanza, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ili ukigusa tu zitoke. RAM ikiwa ndogo au goigoi, unagusa leo inalia kesho.

Na kulikuwa na kazi. Dada mmoja mwimbaji alikuwa amekubali kuja kurekodi albamu fupi ya nyimbo tatu kwetu, chumba cha nyuma, kile chenye magodoro ukutani na blanketi dirishani. Alitaka sauti yake na piano, basi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna pa kujificha. Kaka alikuwa ameingoja kazi ya namna hiyo tangu mimi nikiwa navaa kaptula ya shule.

Sasa nikuambie mapema kabla hujafika mbali. Nyumbani kwetu mtu akisema kitu kinachelewa, hatucheki. Baba alikuwa fundi saa. Ilianza na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kikawa kinafika kazini baada ya wenzake. Halafu cha pili yake. Hospitali wakasema ni mishipa ya fahamu, ni ya ukoo, na ikianza haina wa kuirudisha nyuma. Siku hizi mikono yake yote miwili inakaa mapajani, na mama ndiye anayemfungia vifungo vya shati.

Kwa hiyo kama si mashine, ni mkono wa kaka. Hakuna la tatu. Mimi nikawa naomba iwe mashine. Sijawahi kuombea kitu kiharibike kama nilivyoiombea ile kompyuta.

Tukaenda kwa Mzee Waranti. Ana duka chini ya ngazi, dogo, ukiingia wewe mteja mwingine anatoka. Bodi za kompyuta zimening'inia ukutani kama nguo zilizoanikwa. Tunamwita Waranti kwa sababu hatoi. Ukimuuliza anasema, "Waranti ni mimi mwenyewe, ukinikuta hai."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mmeua nini?"

"Hatujaua," kaka akasema. "Inachelewa. Nagusa kibonye, sauti inakuja baadaye. Hasa zile za chini, nzito."

"Hasa za chini?"

"Zote. Ila za chini zaidi."

Mzee alimwangalia juu ya miwani, halafu akainama chini ya kaunta, akapanga RAM juu ya gazeti. "Hii ni elfu tatu na mia sita, kusubiri kumi na nane. Hii elfu tatu na mia mbili, kusubiri kumi na sita. Na hii nayo elfu tatu na mia mbili, lakini kusubiri kumi na nne. Hii ya mwisho ina maringo, na bei yake ina maringo kuliko yenyewe."

Mimi nikadaka ile ya elfu tatu na mia sita. Namba kubwa, unataka nini tena?

"Huyu mtoto ataoa kwa kuangalia urefu," Mzee akasema. Jamaa mmoja aliyekuwa mlangoni anangoja chaja yake akacheka. "Weka chini, nikufundishe. Namba ya kwanza ni kasi, yaani akishaanza kubeba mizigo, anabeba haraka kiasi gani. Namba ya pili ni kusubiri. Ukimwita, anahesabu hadi ngapi ndipo anyanyuke kwenye kiti."

"Basi huyu wa kumi na nane ndiye mvivu," nikasema.

"Ngoja sasa. Mwenye kasi anahesabu mbio. Wewe hesabu hadi kumi na nane mbiombio, mimi nahesabu hadi kumi na sita taratibu kidogo. Haya, moja."

Tukahesabu pale kaunta kama watoto wa chekechea, na ukweli wa Mungu tukamaliza pamoja. Yule jamaa wa chaja akapiga makofi.

"Umeona? Kusubiri kwao ni kulekule. Tofauti ni kwamba bodi yenu ni ya zamani. Huyu wa mbio inaweza kumkubali vizuri, halafu ikamwangusha katikati ya wimbo. Chukueni wa kati. Hakimbii sana, halali sana."

Kaka alikuwa ameshika ile ya kumi na nne. "Na hii?"

"Hiyo kweli inanyanyuka mapema. Lakini mapema kiasi gani, mwanangu? Inzi hajafikiria hata kupiga bawa. Sikio la mtu halifiki huko."

"Langu linafika."

Nilingoja Mzee amtanie, maana hapo ndipo huwa anamtania mtu mpaka analipa haraka aondoke. Hakumtania. Alisema tu, "Anza na ya kati. Ikikushinda, utarudi."

Tukaifunga mchana huohuo. Ukiisukuma RAM lazima isikike "ta" pande zote mbili, la sivyo haijakaa. Ikalia ta, ta. Piano yote ikapanda bila kukohoa. Kaka akakaa kwenye benchi akapiga, na mimi nikamwona anatabasamu huku amefumba macho, nikatoka nje nikakimbia mpaka kona na kurudi, hivihivi tu, sina ninakoenda. Nikamwambia mama, "Ilikuwa mashine." Mama akashika shavu lake akasema, "Mungu mkubwa." Akarudi kufua, lakini alifua huku anaimba.

Haikufika mwisho wa wiki. Nilimsikia kutoka uani. Anapiga kipande kilekile, anasimama. Anapiga, anasimama. Kulia kunakwenda vizuri kama maji, kushoto kunaingia nyuma yake kidogo, kama mtu anayejua wimbo ila hana uhakika na maneno.

"Mzee katupa ya kati kwa sababu alitaka kuuza ya kati," kaka akasema. "Twende tukachukue ile ya kumi na nne."

"Kaka, si alisema sikio halifiki..."

"Kiroboto. Wewe unapiga kinanda?"

"Hapana."

"Basi twende."

Mzee Waranti akaipokea ile ya kati na kutupa ya maringo, na kaka akamwongezea hedifoni zake nzuri, zile ambazo mimi sikuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi. Tulipotoka Mzee alinishika bega kwa nyuma. Nikageuka. Akamwangalia kaka aliyekuwa ametangulia, akasema, "Isukumeni mpaka ilie." Kama vile hatujui.

Siku iliyofuata tukiwa tunakula, mama anamlisha baba, baba akauliza, "Nasikia mmebadilisha tena."

"Ndiyo baba," kaka akasema. "Hii inanyanyuka mapema zaidi."

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya pili."

Baba alitafuna mpaka akamaliza. Huwa hana haraka na chakula, maana hakiendi mpaka mama akilete. "Mimi vibano vilikuwa vitatu," akasema. "Vya kushikia visukurubu vya saa. Cha kwanza nilisema kimepinda. Cha pili nikasema chuma chake laini. Cha tatu alininunulia mama yenu, kizuri kabisa. Kile hata mikwaruzo hakina."

"Kula, baba watoto," mama akasema.

"Nakula. Namwambia mwanangu tu."

Kaka alisimama. "Mashine ni mashine, baba. Siyo kibano." Akaenda chumba cha nyuma, akaufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Sasa kuna kanuni moja ya kutafuta ugonjwa wa mashine, na kaka ndiye aliyenifundisha. Unabadilisha kitu kimoja, vingine vyote unaviacha kama vilivyo, unajaribu. Ukibadilisha viwili kwa mpigo umejidanganya, hutajua ni kipi kilichoponya. Tulikuwa tumebadilisha RAM mara mbili. Tulikuwa tumebadilisha waya. Tuliazima kinanda cha rafiki yake tukakirudisha. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu ambacho hakijabadilishwa, nacho kilikuwa kimekaa kwenye benchi.

Nilizunguka na wazo hilo asubuhi nzima. Nilifagia uwanja bila kuambiwa, mama akaniuliza kama naumwa. Mwisho nikaingia nikasema, "Kaka, hebu nipishe hapo."

"Wewe hujui kupiga."

"Sipigi. Nagusa tu."

Ile programu yake ya kurekodi inachora kila mguso kama nukta kwenye skrini. Za juu zinakaa juu, za chini zinakaa chini, na mapigo yanapita kama mistari ya daftari. Nikawasha mapigo, ti, ti, ti, nikawa nagusa kibonye cha chini kwa kushoto na cha juu kwa kulia, kwa pamoja. Nukta zangu zikasimama moja juu ya nyingine, zimenyooka kama watu wanaopigwa picha.

Kaka aliziangalia. Alinisukuma kidogo na paja, akakaa, akafanya vilevile.

Za kulia zilikaa juu ya mistari, kila moja. Yeye ni mpigaji, si kama mimi. Za kushoto zikaja nyuma, kila moja nyuma, kama mtoto anayemkimbilia mama yake sokoni.

"Ni za chini," akasema. "Si unaona? Nilisema. Sauti za chini ni nzito, zinakula RAM zaidi."

Zangu za chini zilikuwa palepale kwenye skrini, zimenyooka.

Ndipo akafanya kitu ambacho sikumwambia. Alikunja mikono, akapitisha mmoja juu ya mwingine kama mtu anayejikumbatia, ule wa kushoto ukaenda kwenye vibonye vya juu na wa kulia ukaja chini. Ti, ti, ti. Akagusa.

Nukta za chini zikakaa sawasawa juu ya mistari. Za juu zikachelewa.

Mashine haijui kushoto wala kulia. Hilo alilijua kabla yangu. Alirudia mara nyingine, nadhani kwa adabu tu, halafu akayazima mapigo, akaweka mikono yake mapajani. Nilitaka kumwambia aitoe hapo. Popote, lakini si hapo.

"Usimwambie mama," akasema.

"Sawa."

"Wala baba."

"Baba anajua."

"Najua kwamba anajua. Usimwambie."

Nje mama alikuwa anabishana na muuza mkaa, na muuza mkaa alikuwa anashindwa. Tulisikiliza mpaka mwisho, kama vile ni jambo linalotuhusu.

"Ni kiasi gani?" kaka akauliza.

"Kiasi gani nini?"

"Pengo. Kati ya kulia na kushoto. Programu inapima."

Nikapima. Ile programu inaikata sekunde moja vipande elfu. Pengo lake lilikuwa arobaini. Ukisema kwa mdomo ni kitu kidogo, hata kupepesa macho ni kurefu zaidi. Kwenye piano ni mtu mzima kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Basi chelewesha vya juu," akasema. "Vyote vya mkono wa kulia. Viambie visubiri arobaini."

"Kaka?"

"Si vitafika pamoja?"

Nilicheka, halafu nikaona kicheko chenyewe hakina pa kwenda. Tulikuwa tumemsumbua Mzee Waranti mara mbili kwa ajili ya kusubiri ambako hata inzi hakujui, na sasa nimekaa na mausi mkononi naweka kuchelewa ambako angekusikia angetufukuza dukani. Lakini nikaweka. Akapiga. Sauti zikatoka pamoja.

Haikuwa rahisi. Aligusa kwa kulia, sikio likapata baadaye, akawa kama mtu aliyevalishwa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Siku za mwanzo alijikwaa kila mahali. Akajifunza kutojisikiliza. Aliniambia, "Naupiga halafu nausahau." Mtu ambaye maisha yake yote ni sikio, alikuwa anajifunza uziwi wa mkono mmoja.

Dada mwimbaji akaja, mkubwa, mcheshi, akavua viatu mlangoni mwa studio. "Vinanibana sauti," akasema, na kaka akacheka kweli. Tukazima feni kwa sababu ya kelele. Jasho likaanza kazi yake.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nyuma ya skrini, hedifoni za kuazima masikioni, na dada akamaliza, akamgeukia kaka, akamwambia, "Kaka, wewe una mkono wa kushoto mtulivu. Wengine wananikimbiza. Wewe unanisubiri."

"Asante dada," kaka akasema.

Mimi nikaitazama feni.

Wimbo wa tatu nukta zikaanza kusogea. Mkono ulikuwa umechoka. Dada alikwenda kunywa maji, kaka akaniambia bila kugeuka, "Ongeza." Nikaweka sitini. Wakaimba. Akasema tena, midomo tu, "Ongeza." Nikaweka themanini, na hapo mkono wake wa kulia ukaanza kusikika kwake kama mtu mwingine anayemwigiza kutoka chumba cha pili. Nilimwona anakaza shingo. Alipita ubeti wa kwanza. Katikati ya wa pili akapotea, akatafuta, akasimama. Dada aliendelea kuimba peke yake maneno mawili matatu kabla hajajua kwamba yuko peke yake.

"Joto hili," dada akasema. "Hata mimi kichwa kimejaa. Huu mmoja uliobaki nitarudi mwezi ujao. Mwenzenu sina haraka."

"Karibu sana," kaka akasema, na akamsindikiza mpaka nje, akambebea mkoba kwa mkono wa kulia.

Aliporudi nilikuwa nimeshawasha feni. Alikaa kwenye benchi.

"Mwezi ujao itakuwa ngapi?"

"Sijui."

"Kadiria."

"Mimi siyo daktari, kaka."

"Ningetaka daktari ningekwenda kwa daktari. Nakuuliza wewe unayeziona nukta."

Nikaanza kukunja waya. Hakunilazimisha. Alisema, "Rudisha sifuri," nikarudisha, na mashine ikawa tena na wepesi wake wote, ule tuliouhangaikia. Halafu akasogea kwenye benchi, akahamia upande wa kulia kabisa, nusu ya paja lake nje.

"Kaa."

"Mimi?"

"Kuna Kiroboto mwingine humu ndani?"

"Mimi sijui kupiga."

"Wimbo ule uliobaki, kushoto kuna vibonye vinne tu, vinazunguka. Hata mbuzi akifundishwa mwezi mzima anavipata."

"Basi mfundishe mbuzi."

"Mbuzi ananuka. Kaa."

Nikakaa. Akanishika kifundo cha mkono akanionyesha kidole kipi kiende wapi. Alinishikia kwa ule wa kushoto, na haukuwa na uzito wowote, ulikuwa kama kitambaa mtu amekuwekea. Akaanza yeye kulia. Mimi nikaingia.

"Umewahi," akasema. "Tena."

Nikawahi tena. Mimi nawahi kila kitu, ndiyo hali yangu.

"Usinitangulie. Nisubiri mimi."

Tukaenda hivyo, tukivunjika na kuanza, mpaka ikatokea mara moja, kwenye kibonye cha tatu, wake na wangu vikashuka pamoja, na piano ikawa moja. Nilihisi kwenye mbao za benchi.

Sebuleni baba akaita, "Nani huyo anayepiga kushoto?"

Mkono wangu ulisimama wenyewe. Kaka akanigusa na kiwiko, niendelee.

"Ni mimi, baba," akasema.

Kijiko cha mama kikagonga sahani.

"Haya," baba akasema.

Nikaingia tena. Nikawahi.